Kona ya Nne

Mfuko wa shati ulikuwa mezani pa Sajini Silasi Ngollo tangu asubuhi, na yeye alikuwa ameshachoka kuuangalia. Ulikuwa mfuko wa kifuani, wa kaki, wenye kishikizo kimoja. Ulitoka ndani ya ngumi ya marehemu Pelagia, aliyeokotwa kichakani kando ya reli, upande wa Kigwa. Fisi walikuwa wamefika kabla ya askari. Mkono wa kulia hawakuugusa, na daktari alipovikunjua vidole, mfuko ukaanguka kwenye sakafu ya chumba cha maiti. Mengine daktari hakuweza kuyasema. Alisema tu kwamba marehemu alikuwa mjamzito, jambo ambalo kila mtu alilijua, na kwamba alipoteza damu nyingi, jambo ambalo halikuhitaji daktari.

Raymundi, mume wa marehemu, alikuwa mgambo, na mgambo huvaa kaki. Basi alikuwa mahabusu.

“Mke wake, mfuko wake, na shati lenyewe halionekani,” Mkuu wa Upelelezi alisema, akiwa amesimama mlangoni na kofia yake kwapani. “Jumatatu anakwenda mbele ya hakimu. Sasa wewe unataka nini tena, Silasi? Marehemu ainuke akutajie jina?”

“Nataka kujua shati liko wapi, afande.”

“Amelichoma. Kuchoma anakujua vizuri, muulize mkwewe.”

Mkuu akacheka peke yake, akaondoka. Silasi hakupenda kicheko kile. Alikuwa mtu wa Urambo, mtoto wa Wamoraviani, mzito wa maneno, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake kazini: kesi ikikubali upesi, yeye ndipo anapoanza kuitilia shaka.

Akaushika mfuko, akashuka nao mahabusu.

Raymundi alikuwa amekaa chini, magoti kifuani. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, lakini siku zile chache zilikuwa zimemkausha. Alipouona mfuko alianza kulia bila sauti.

“Huu ni wako?” Silasi aliuliza.

“Wangu, afande. Sikukataa hata mara moja.”

“Shati liko wapi?”

“Nilishasema. Nilimpa Pelagia, akalikata mwenyewe. Alikuwa anamshonea mtoto mfarishi, lile blanketi la viraka lenye pamba ndani. Alisema kila mtu wa familia lazima awemo humo, kipande cha nguo yake. Shuka la marehemu baba yake, sare yake mwenyewe ya shule, gauni la mama yake. Mimi nilikuwa na shati hilo tu la kutoa.”

“Na ndugu zako? Wao walitoa nini?”

“Sina ndugu, afande. Nimelelewa na masista. Mama yangu simjui hata kwa picha.”

“Siku zile ulikuwa wapi?”

“Urambo, kibarua cha tumbaku. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Mama mkwe akasema Pelagia amenikimbia.” Alijifuta pua kwa mkono. “Niliyemfanyia kazi naye kahamishwa na Operesheni ya vijiji vipya, hajulikani kijiji gani. Najua inavyosikika, afande. Hata mimi ningekuwa wewe nisingeniamini.”

Silasi alirudi ofisini, akalifungua dirisha wazi kabisa. Mvua zilikuwa zimeanza na mwanga wa siku ile ulikuwa hafifu, lakini ulitosha. Mfuko haukutoka peke yake. Nyuma yake ulikuwa umeshikamana na kipande cha shati, nacho kilikuwa na kingo zilizonyooka, za mkasi. Mtu anayenyang'anyana na mumewe hachani kitu kikanyooka hivyo. Kisha akaona vitundu. Vilikuwa vidogo, vya sindano, vimepita kwa mistari kwenye kile kipande cha nyuma, vikauzunguka mfuko pande zote, tena hakuna shati linaloshonwa namna hiyo. Nyuma palikuwa na nyuzinyuzi za pamba zilizonasa kwenye kaki. Na alipoingiza kidole mfukoni, kwenye pindo la ndani kabisa, akatoa uzi mmoja wa njano.

Akauweka mfuko kwenye bahasha, akachukua koti lake la mvua, akaelekea mtaa wa Kanyenye, mjini Tabora, ambako Pelagia alikuwa akishona na wenzake.

*

Kila Jumamosi, barazani kwa mzee Popatlal, walikutana wanawake wa mifarishi. Mwenyewe Popatlal alikuwa amekaa dukani ndani, nyuma yake rafu zimebaki na vibiriti na dawa ya viatu, kwa sababu vitambaa vya nje vilikuwa havipatikani tena. Mke wake, Gangaben, ndiye aliyekuwa mkubwa wa baraza. Wengine walikuwa Wahindi wenzake, wengine Waislamu wa mjini, wengine Wakristo waliokuja kwa treni kutoka vijijini, na wote waliinamia viraka vyao wakisemana kwa upendo na kwa ubaya, kama ndugu wa mama mmoja.

Siku ile walikuwa kimya. Kiti kimoja kilikuwa kitupu na hakuna aliyekisogeza.

“Hodi, akina mama.”

“Karibu, Bwana Sajini,” Gangaben alisema. “Kama umekuja kunywa chai, ipo. Kama umekuja kututoa machozi zaidi, tumeshalia.”

“Nimekuja kuuliza.”

Kabla hajakaa, Gangaben alikuwa amemwona mwenzake Batuli akikata uzi kwa meno, akauvuta mfarishi mdogo kutoka mapajani mwake.

“Batuli! Hii kona umeifunga?”

“Nimeifunga. Mjukuu wangu kabakiza wiki tatu tu.”

“Wiki tatu ni wiki tatu! Umemfungia mtoto mlango, ataingilia wapi? Fumua.”

Batuli akasonya, lakini akachukua wembe na kuanza kufumua. Silasi aliuliza kona ina habari gani.

“Ya nne haifungwi,” Batuli alimwambia bila kuinua macho. “Mfarishi wa mtoto unashonwa kona tatu. Ya nne inaachwa wazi, pamba inachungulia, mpaka mtoto azaliwe na alie. Akilia, bibi yake anashika sindano pale pale, anaifunga kwa mkono wake. Si mama, si shangazi. Bibi. Na akiisha kusikia kilio, haachi mpaka kesho. Kuiacha wazi ni kumwambia mtoto arudi alikotoka.”

“Desturi ya mama yangu,” Gangaben alisema.

“Ya mama yake!” Batuli akamgeukia Silasi. “Bibi zangu walibeba watoto njia nzima ya msafara, kutoka hapa mpaka pwani, wamewafunika mifarishi ya merikani yenye kona wazi. Huyu kaja na meli kaikuta hapa hapa.”

Wanawake wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka kiti kitupu, wakaacha.

Silasi akautoa mfuko kwenye bahasha, akauweka juu ya meza ya kukatia. Gangaben aliutazama, akanyoosha mkono, akaurudisha.

“Ndege yuko wapi?” aliuliza.

“Ndege gani, mama?”

“Ndege wetu. Kila mwaka nakata kitambaa kimoja, nampa kila mtu kipande sawa na mwenziwe, na kila mtu atafute pa kukitia kwenye mfarishi wake. Anayekitia vizuri ndiye mshindi. Mwaka huu kilikuwa cha njano, kina ndege wa buluu. Gora langu la mwisho. Wote waliweka ndege kando, kwenye pindo, hapa na pale. Pelagia alichukua mfuko wa shati la mume wake, akauweka katikati kabisa, mdomo wake wazi. Ndani yake akashonea ndege, kichwa tu nje. Anachungulia.” Macho ya mama yule yalijaa. “Alisema mtoto akikua watakuwa wanaficha peremende humo, yeye na baba yake. Tulimpa ushindi wote, hata Batuli.”

“Hata mimi,” Batuli alisema, “na mimi simpi mtu.”

“Mfuko ulishonwa kabisa au ulibandikwa tu?”

“Nilivuta mwenyewe. Ulishonwa kwa mshono wa kudumu.”

“Na mfarishi wenyewe ulibaki kwa nani?”

“Wa kwake, alikwenda nao nyumbani. Alibakiza ile kona tu.”

Batuli alikohoa. “Bwana Sajini, mimi sina elimu ya polisi, lakini yule mwanamume msimwachie. Siku ya Operesheni watu walikuwa wanahamishwa, sawa, serikali imesema. Lakini nyumba ya Getruda, mama mkwe wake, ni yeye aliyewasha kibiriti. Mkono wake mwenyewe! Getruda akasimama pale anaangalia. Mtu aliyefanya hivyo, mke anamshinda nini?”

Baraza zima likaitika. Silasi alikunywa chai yake yote bila kuijua ladha. Alikuwa anafikiria mwanamke anayepigana na kifo chake porini, eti katikati ya kupigana anatafuta mfarishi, anafumua mfuko taratibu kwa wembe, anauficha ngumini. Hapana. Mfuko ule ulifumuliwa na mtu aliyekuwa amekaa.

*

Asubuhi iliyofuata treni ilimshusha Kigwa mvua ikiwa imepumzika. Kijiji kipya kilipangwa mistari miwili, nyumba za udongo ambao bado haujakauka vizuri, kila moja na mlango wake ukitazama mlango wa jirani. Silasi aliuliza nyumba ya Getruda. Akaonyeshwa ya mwisho.

Kwenye nyumba iliyotangulia alikaa mwanamke kijana kizingitini, mtoto kwenye kila titi. Mmoja alikuwa mnene, amelala. Mwingine mdogo, ananyonya kwa pupa.

“Mwangaluka, mayu,” Silasi alimsalimu kwa Kinyamwezi. “Hongera kwa mapacha. Wewe waitwa nani?”

“Imakulata,” alijibu. Hakuinua uso, na hongera hakuipokea.

Getruda alikuwa ndani, amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyejifunga kaniki mpya. Silasi alimpa shikamoo, naye akaitika marahaba kwa sauti ya mtu ambaye salamu haimhusu tena. Alimpa pole. Akaipokea.

“Mmeshamhukumu?” aliuliza.

“Bado, mama. Nimekuja tuyarudie maelezo yako kidogo. Mara ya mwisho ulimwona Pelagia lini?”

“Nilisema. Raymundi alipokuwa bado hajaondoka kwenda Urambo. Aliniletea kuni.”

“Na tumbo?”

“Tumbo kubwa. Alikuwa hajajifungua.”

“Baada ya hapo hukumwona?”

“Nilimwona mlipomleta kwenye jeneza. Na jeneza mlilifunga.”

Silasi aliinamisha kichwa. Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu alijua anakokwenda na maswali yake.

“Mfarishi aliokuwa anamshonea mtoto, nimeusikia Tabora. Upo?”

Getruda akainuka, akaingia chumbani, akarudi nao umekunjwa vizuri, akauweka mikononi mwa Silasi kama mtu anayekabidhi mtoto wa watu.

“Aliuacha kwangu,” alisema. “Siku ile ya kuni.”

Silasi aliukunjua juu ya mkeka. Wote walikuwemo. Shuka la babu, milia myekundu iliyopauka. Sare ya shule, samawati. Gauni la Getruda la maua. Na katikati kabisa, palipotakiwa kuwa na mfuko na ndege anayechungulia, palishonwa kiraka cheusi cha kaniki.

“Hapa palikuwa na nini, mama?”

“Palichanika. Nikapaziba.”

“Kwa kaniki? Mfarishi wa mtoto?”

“Ndiyo niliyokuwa nayo.”

Alipitisha kidole kwenye kona ya kwanza. Uzi mweupe, hatua fupi fupi, mkono wa Pelagia. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi, hatua ndefu, za mtu mwenye macho ya uzee na haraka. Silasi aliishika kona ile kwa muda. Nje mtoto mmoja wa Imakulata alianza kulia, na mikono ya Getruda ikatoka mapajani, ikarudi.

“Mama,” Silasi alisema, “kaniki ungeweza kunidanganya nayo. Mfuko vilevile, ningeweza kusema mtu aliuiba. Lakini kona hii umeifunga wewe.”

Getruda aligeukia mlango.

“Unasema Pelagia alikuletea mfarishi huu akiwa na tumbo, na hukumwona tena. Basi ulimfungia nani mlango? Hakuna bibi wa baraza lile anayeifunga kona ya nne kabla hajasikia mtoto analia.”

Kilio cha nje kiliendelea. Getruda alifumba macho, na Silasi akaona jinsi kilivyokuwa kikimpasua.

“Sikuweza kuiacha wazi,” alisema hatimaye. “Nilijua ni upumbavu. Nilikuwa nimeshaunoa ule uongo wote, nimeshaujua mpaka mwisho. Lakini mtoto kalia, Bwana. Kalia kwa nguvu. Na mama yake yuko pale pale, anapoa. Ningeiacha wazi, naye huyu aondoke?”

“Damu?”

“Haikukoma. Nimezalisha wanawake maisha yangu yote, na ya mwanangu haikukoma.” Alifungua macho. “Nyumba yangu ya zamani ilikuwa jirani na zahanati ya masista. Ukisimama mlangoni unaliona paa lake. Kutoka hapa mpaka kule ni safari ya kutwa, na mvua ilikuwa inanyesha. Mnaniuliza nani kamuua mwanangu. Nimewaambia tangu mwanzo. Aliyewasha kibiriti.”

“Ukamtia mfuko mkononi.”

“Nikamtia, ndege nimeshamfumua. Kabla vidole havijakaza. Kisha nikambeba.”

“Na nani?”

“Peke yangu. Mgongoni, nilivyombeba alipokuwa mdogo. Nikamlaza karibu na reli ili wafanyakazi wa asubuhi wamwone mapema.” Sauti yake ilikatika. “Hawakupita. Mvua ilikuwa imebomoa njia huko mbele, hakuna aliyepita. Mimi hilo la fisi sikulipanga, Bwana. Hilo sikulipanga.”

Silasi aliangalia pembeni. Alimwonea huruma mpaka akamkasirikia, kwa sababu kazi yake ilikuwa haijaisha.

“Mtoto ni yule mdogo, kwa Imakulata.”

“Msimguse Imakulata. Amenyonyesha tu.”

“Sitamgusa. Lakini Jumatatu wanampeleka Raymundi kwa hakimu, na kesi ya namna ile unajua mwisho wake. Utakuja nami Tabora, mama, useme haya uliyoniambia. Na mtoto ana baba.”

“Ana baba,” Getruda alirudia polepole. “Kachukua nyumba. Kachukua zahanati. Kachukua binti. Sasa serikali inamletea na huyu mlangoni.”

“Ndiyo, mama.”

Hakubisha. Alitoka nje mwenyewe, akarudi na mtoto, amenyamaza sasa, ngumi mdomoni. Alimlaza mkekani kando ya mfarishi. Kisha akauvuta mfarishi kwake, akaikamata kona ya nne, akaingiza jino kwenye uzi mweusi na kuukata. Akavuta. Mshono ukaanza kufunguka, pamba ikajitokeza.

“Unafanya nini?”

“Anakwenda kwa watu wengine. Akaifunge bibi yake wa huko.”

Silasi alijua angeweza kunyamaza. Alikuwa na alichokijia, na treni ya kurudi isingemngoja.

“Hakuna bibi huko,” alisema. “Raymundi hana mama.”

Getruda alibaki na uzi kati ya meno.

“Najua,” alisema. “Alikuwa ananiita mimi mama.”

Akautoa uzi mdomoni. Aliitazama kona, na Silasi akangoja, akidhani ataomba sindano. Hakuiomba. Hakuvuta tena pia. Alimfunika mtoto kwa mfarishi jinsi ulivyokuwa, kona yake imefunguka nusu, kiraka cheusi juu ya kifua, akajifunga upya kaniki yake, akamwambia Sajini kuwa yuko tayari.